Uji Usiozinduliwa

Nchi yetu ina jina, na jina lenyewe ni zuri, ila kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali iko kwenye ukarabati tangu utawala uliopita. Kwa hiyo nitasema tu nchi yetu. Anayeishi humu ataijua, na asiyeishi humu amshukuru Mungu wake na asome kwa utulivu.

Naomba ieleweke mapema kwamba mimi ni mwananchi mtiifu. Sina neno na mtu. Nasimulia tu yaliyokipata Chama cha Uji, ambacho mimi ni katibu wake, na kama mahali fulani sauti yangu itapanda, mnisamehe, nina kifua.

Hospitali ya wilaya yetu inatibu vizuri. Inampa mgonjwa kitanda, dawa zikiwepo, na ushauri nasaha. Kitu ambacho haitoi ni chakula, maana Wizara ilishafanya utafiti ikagundua kwamba kila mwananchi ana ndugu, na ndugu ndio wanaoleta chakula kwenye hotipoti asubuhi na jioni. Mgonjwa asiye na ndugu anakwenda kinyume na utafiti.

Chama kilianzishwa na Bi Havijawa, mjane anayeuza mkaa mtaa wa nyuma ya hospitali. Siku moja alikwenda kumtazama jirani yake aliyelazwa, akamwona mgonjwa wa kitanda cha pili akiikodolea macho hotipoti ya watu mpaka ikafungwa. Kesho yake alirudi na sufuria. Baada ya hapo akina mama wa mtaani wakaanza kuweka konzi moja ya unga kando kila wanaposonga ugali, vijana wakawa wanachota maji na kupasua kuni, na kila asubuhi uji wa ulezi ukaingia wodini ukiwa wa moto. Hatukuwa na ofisi, muhuri wala bango. Mimi nilifanywa katibu kwa sababu siku ya kikao nilikuwa na kalamu.

Wakati wa mambo haya, kwenye kitanda cha karibu na mlango wa wodi ya wanaume alilazwa Mzee Pandu. Alikuwa mpiga tarumbeta wa Bendi ya Taifa. Hakuna daraja, kisima wala choo cha shule kilichozinduliwa katika ujana wake ambacho hakukipigia tarumbeta. Sasa mapafu yalikuwa yamemgeuka. Mkewe alishatangulia, mtoto hakujaliwa, na bendi ilikwisha kumsahau. Dokta alituambia waziwazi, mimi na Bi Havijawa, tukiwa tumesimama na kata ya uji mkononi.

"Dawa zake ni kali. Akila, atapona na atatoka hapa kwa miguu yake. Asipokula atazitapika, na mimi sitakuwa na la kufanya."

Basi Mzee Pandu akawa anakula, tena anagomba akipewa kikombe kisichojaa. Mashavu yalianza kurudi. Alikuwa anapona, nasema kweli, alikuwa anapona.

*

Halafu unga ukaanza kupungua.

Si kwamba watu waliacha kutoa. Watu wa nchi yetu hawajawahi kutoa kama walivyotoa mwaka ule. Walitoa mchango wa Mbio za Bendera, mchango wa kuzipokea Mbio za Bendera, mchango wa ofisi ya kata, mchango wa sanamu ya Mtukufu Rais akiwa mtoto, na mchango wa kuwapongeza waliokusanya michango. Mgambo walipita nyumba kwa nyumba, na asiyetoa kwa hiari alichukuliwa kuku kwa hiari. Sisi tulipogonga mlango baada yao kuomba konzi ya unga, mwenye nyumba alitujibu kutoka ndani, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba hayupo.

Vijana nao walipotea, na wala hawakuwa wavivu. Shida ilikuwa posho. Wilaya ilikuwa imevamiwa na miradi. Kulikuwa na mradi wa kunawa mikono, mradi wa chandarua, na mradi wa kuwajengea uwezo wale wanaowajengea wengine uwezo, na kila mradi ulimlipa mtu kwa kukaa kitini na kusikiliza. Sasa kijana anayelipwa kwa kukaa, utamwambiaje aje bure kupasua kuni jua likichomoza? Machano, ambaye zamani ndiye aliyekuwa akifika wa kwanza, aliniuliza bila kuona haya, "Katibu, nauli ipo?" Kati ya kwao na hospitali kuna mtaro mmoja tu, unauruka umefika.

Tukabaki Bi Havijawa, mimi, na akina mama wachache wenye roho ngumu. Uji ulizidi kuwa mwepesi. Mzee Pandu alisema mtu angeweza kuutumia kunyolea ndevu, maana alikuwa akiuona uso wake humo. Alisema hivyo akicheka, lakini aliulamba mpaka mwisho.

Tulifanya kikao, tukaamua kwenda kuomba msaada Wizara ya Ukarimu wa Taifa. Ndiyo, tunayo wizara hiyo. Wilayani kwetu inawakilishwa na Afisa Ukarimu, Bwana Chogoro, ambaye alitupokea vizuri baada ya kutuweka kwenye benchi mpaka akamaliza chai.

"Mmefanya la maana sana kuja, mama," alimwambia Bi Havijawa. "Hili suala la kushuka kwa ari ya kutoa na kujitolea tunalifahamu. Liko kwenye mpango mkakati."

"Sawa baba, lakini wagonjwa wana njaa."

"Njaa iko ukurasa mwingine wa mpango mkakati. Tusichanganye mambo."

"Mimi naomba gunia la unga tu, baba yangu. Moja. Tumalizie mwezi."

Bwana Chogoro alitabasamu kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto akiomba mwezi ushushwe. "Unga ni suluhisho la muda mfupi, mama."

"Sasa mtu anayekufa kesho nimpe la muda mrefu?"

"Tuanze na semina," alisema Bwana Chogoro.

*

Semina ya Wadau ya Kurejesha Moyo wa Kujitolea ilifanyika kwenye hoteli mpya, ile yenye chemchemi mlangoni na bomba kavu chooni. Tulialikwa wote tuliosalia kwenye chama, kila mmoja kwa jina lake, na ilitangazwa kwamba asiyesaini asubuhi hapati posho. Machano alikuja. Vijana wote waliotukimbia walikuja, wamechana nywele.

Kutoka mji mkuu aliletwa mshauri mwelekezi, mtu wa miwani na suti ya rangi ya maziwa. Alichora moyo mkubwa kwenye karatasi ya ukutani, akaugawa vyumba, akatuuliza tunaona nini. Tukasema tunaona moyo. Akatupongeza. Akatufafanulia kwamba tatizo la chama chetu ni kutoonekana. Uji, alisema, unaingia tumboni na huko tumboni hakuna mtu anayeuona, na watu hutoa pale wanapoonekana wakitoa. Tukapiga makofi ya pasua, pasua, yale ya semina. Kisha ikaja chai na chapati na sambusa na mayai na soseji, na watu wakaweka nyingine kwenye mikoba.

Bi Havijawa alinyoosha mkono.

"Mimi swali langu dogo tu. Leo asubuhi nani kapika?"

Wapishi wote wa uji walikuwa mle ndani, wameshika soseji kwa vijiti. Mshauri mwelekezi alisema hilo ni swali zuri sana, akaliandika ukutani chini ya kichwa kisemacho Mengineyo, akaendelea na moyo wake.

Bi Havijawa hakungoja posho. Alifunga chapati kwenye kanga, akatoka. Nilimfuata. Wodini tulimkuta Mzee Pandu amekaa kitandani, dawa za asubuhi ziko mkononi bado, anamngojea mtu wa uji. Alikula chapati nusu, nusu akampa wa kitanda cha pili, akameza dawa. Nilitamani kurudi ule ukumbi nikachane ule moyo. Lakini posho yangu nilikuwa bado sijasaini, basi nilirudi nikasaini.

*

Msiseme semina haikuzaa kitu. Miongoni mwa wadau alikuwepo Alhaji Mkadamu, mwenye mashine za kusaga. Yale maneno ya kwamba watu hutoa pale wanapoonekana yalimwingia sawasawa. Wiki ile ile alileta magunia ya unga na sukari, lori zima, yakajaza chumba kizima cha stoo ya hospitali. Tulilia kwa furaha. Bi Havijawa alilishika gunia kwa mikono miwili akawa analipapasa kama mtoto mchanga.

"Basi kesho tunapika uji mzito," alisema.

"Kesho?" Alhaji alishtuka. "Bi mkubwa, mimi nimetoa mali hapa. Nataka Waziri aje anione."

Tukaketi kikao. Hapo ndipo namwomba msomaji asitushangae, maana kwetu ndivyo tulivyolelewa. Kitu cha msaada hakiguswi kabla hakijazinduliwa. Kisima kinaweza kujaa maji mpaka yakamwagika na watu wakaendelea kuchota mtoni wakimngojea mgeni rasmi. Ilipopendekezwa tumwalike Waziri, kila mkono ulipanda ila mmoja. Bi Havijawa peke yake alisema tupike kwanza, tuzindue baadaye. Kikao kilimcheka mpaka watu wakajifuta machozi. Nani aliwahi kusikia kitu kinaliwa halafu ndipo kinazinduliwa?

Utepe mwekundu ukafungwa kwenye mlango wa stoo, na mgambo akawekwa kuulinda.

Waziri wa Ukarimu, Mheshimiwa Dakta Makeke, alikubali mwaliko kwa moyo mweupe, akapanga Jumatatu. Jumatatu hakuja. Alikuwa anazindua upya barabara iliyokwisha kuzinduliwa, kwa kuwa mara ya kwanza ulitumika mkasi wa kuazima. Akapanga siku nyingine, siku hiyo akawa nje ya nchi kujifunza huruma. Akapanga tena, akaahirisha tena, akazindua kiwanda cha tepe za kuzindulia.

Sisi tulikuwa tunachanga unga wa majumbani mwetu, wa kwenye makopo. Haukutosha. Siku nyingine ilipatikana sufuria nusu, siku nyingine haikupatikana hata hiyo, na wagonjwa walilala mita chache kutoka kwenye chumba kilichojaa unga mpaka darini. Bi Havijawa alikwenda kwa mgambo na bakuli.

"Mwanangu, nichotee hili tu."

"Mama, kuna utepe."

"Utepe siukati. Nitainama nipite chini."

"Ukipita chini utakuwa umezindua, mama, na wewe si mgeni rasmi. Mimi nitafungwa."

"Kuna mzee pale anatapika dawa."

"Najua, mama. Namsikia." Mgambo alitazama chini. "Lakini kuna utepe."

Mzee Pandu alikuwa akizitapika kweli. Mashavu yale tuliyoyafurahia yalirudi yalikotoka. Nilipokwenda kumwamkia, aliitikia marahaba kwa pumzi ndogo, akaniambia, "Katibu, hawa nimewapigia tarumbeta maisha yangu yote. Tulikuwa tunakaa juani na sare za sufu, tunangoja. Mgeni rasmi akisema saa nne, wewe jua ni saa tisa. Akikwambia Jumatatu, usimuulize ya lini." Alitaka kucheka, kikohozi kikamkatiza. Dokta alimpima, akatutazama, akaondoka.

Nilikuwa na hasira, na siwezi kuipaka sukari. Nilimkasirikia Waziri, Alhaji, mgambo na utepe wake, na ule mkono wangu uliopanda kikaoni pamoja na mikono mingine.

*

Hatimaye Mheshimiwa alikuja. Mahema yalifungwa tangu alfajiri, viti vikavalishwa vitambaa, wanafunzi wakasimamishwa kando ya barabara na vibendera. Meko hayakuwashwa. Bwana Chogoro alikataza, alisema moshi utaharibu suti ya mgeni rasmi, uji utapikwa akishaondoka. Ilikuwa siku ya uji, na katika eneo zima la hospitali hapakuwa na uji.

Msafara uliingia alasiri. Mheshimiwa Dakta Makeke alipanda jukwaani akaanza kuwatambua waliohudhuria mmoja mmoja, kwa vyeo, kwa vyeo vya zamani na kwa vyeo wanavyotarajia, na jua lilipokwisha kuhama upande akasema itifaki imezingatiwa.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu sikivu imeusikia mngurumo wa matumbo yenu! Wapo wanaobeza, wanasema ukarimu umeshuka. Ukarimu haujashuka. Umebadilisha mwinuko! Kuanzia leo njaa ya wodini ni historia, na historia hiyo tutaijengea makumbusho!"

Ngoma zikalia. Utepe ukakatwa. Waandishi wakataka picha ya Mheshimiwa akimnywesha mgonjwa, na kwa kuwa kitanda cha Mzee Pandu kilikuwa karibu na mlango, wakamchagua yeye. Walimkalisha, wakamwekea mto mgongoni, wakamfuta mdomo. Mheshimiwa akapewa kikombe kipya cha udongo, kisafi, kitupu. Akakipeleka mdomoni kwa mzee huku akiitazama kamera.

"Tena kidogo, Mheshimiwa, kuna kivuli," mpiga picha alisema. Akarudia. "Mzee afumbue mdomo zaidi." Mzee akafumbua. Akarudia tena.

Mzee Pandu alikishika kikombe kwa mikono yake miwili, akachungulia ndani, kisha akasema neno. Mshereheshaji alimwekea kipaza sauti mdomoni, lakini sauti haikutosha kufika nje, kwa hiyo akainama akamsikiliza. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Mzee alisema, "Humu hamna kitu."

Mshereheshaji alisimama wima. "Mzee anasema utamu umemzidi!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Mheshimiwa alitaka kukichukua kikombe chake aendelee na ratiba, mzee akawa hakiachii. Wakavutana kidogo. Picha ile ilitoka gazetini na maelezo kwamba wanafurahi pamoja.

Kisha ikaja zamu ya zawadi, maana kwa desturi zetu mgeni haondoki mikono mitupu. Na cha kumpa kilikuwa nini wilayani, zaidi ya unga? Mheshimiwa alipakiwa magunia. Mkuu wa wilaya akapakiwa ya kwake. Meza kuu yote, wasaidizi wao, madereva, waandishi, mshereheshaji, bendi, kila mmoja kwa kadiri ya cheo, na kila gunia lilipotoka Alhaji Mkadamu alisimama kando yake akapigwa picha. Msafara ulipoondoka, Bi Havijawa alichukua bakuli akaingia stoo. Mgambo hakumzuia tena, hapakuwa na sababu. Alitoka na bakuli lile lile, tupu, akaketi kizingitini.

Mzee Pandu alifariki kabla ya wiki kwisha.

*

Hana ndugu, kwa hiyo matanga tuliyaweka uwanjani kwa Bi Havijawa. Msiba ukatangazwa msikitini, na nikajisemea watakuja watu wachache, tutahangaika hata kumbeba.

Walikuja wote. Machano alikuwa wa kwanza kushuka kaburini na jembe, na sikusikia mtu akitaja nauli. Vijana walichota maji, walipasua kuni, walifunga turubai, waliosha vyombo bila kuombwa. Jeneza liligombewa, kila mtu anataka kuweka bega. Bwana Chogoro alikuja na kanzu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mazishi yana mgeni rasmi. Nilimwambia ndiyo, amelala ndani ya jeneza.

Tuliporudi kutoka makaburini wakaanza kuingia akina mama, na kila mmoja alikuwa na kitu kwenye beseni au chini ya kanga. Rambirambi. Unga wa ulezi, unga wa mahindi, sukari, mchele, majani ya chai. Wale waliokuwa wakinijibu kwamba hawapo, walikuwepo, wameinama, wanamimina na kufuta machozi. Alhaji alileta gunia na hakuleta mpiga picha. Rundo likapanda karibu na mlango, watu wakawa wanazunguka upande ili wapite.

Bi Havijawa alikuwa amekaa mkekani na wafiwa wenzake. Aliliangalia lile rundo muda mrefu. Nilidhani analia. Kisha akasimama, akaenda akatumbukiza mkono kwenye unga, akaukamata konzi nzima akaunyanyua watu wote wauone.

"Kumbe mlikuwa nao," alisema.

Shehe alikohoa. Bibi mmoja alimvuta kanga akimwambia, "Havijawa mwanangu, kaa, umechoka," lakini hakukaa.

"Sikai. Nyie ni watu wema, nimewaona leo, Mungu awalipe. Mtu akifa hamhitaji semina. Hamhitaji Waziri. Hamniulizi nauli. Sasa mimi nina tangazo." Mkono ulikuwa bado uko juu na unga unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Nina misiba mingine. Kitanda cha dirishani, Hamza Kombo, yule aliyevunjika nyonga. Hana mtu. Wodi ya wazazi kuna binti anaitwa Tunu, amejifungua mapacha, mumewe kamkimbia, maziwa hayatoki kwa sababu hana cha kula. Na kitanda cha mlangoni leo asubuhi kimepata mtu mwingine. Wote hao watakufa, sijui siku tu. Naomba rambirambi zao mniletee kesho alfajiri, maana hao bado wana midomo ya kuzinywea."